Barua ya wazi: Shilingi 500 ya kodi ya majengo iende zimamoto

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Fedha, wa Mambo ya Ndani ya Nchi na wa TAMISEMI; wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Bajeti na ile ya Nje, Ulinzi na Usalama; na madiwani wa majiji, manispaa na miji.

YAH: MGAWANYO WA KODI YA MAJENGO INAYOKATWA KWENYE LUKU

Waheshimiwa, poleni na majukumu.

Sisi tulioandika barua hii ni watu wa pampu, wa mabomba ya maji na wa hesabu za halmashauri. Hatuombi kodi mpya. Tunaomba sehemu ya kodi ambayo wananchi tayari wanalipa itengwe kisheria kwa ajili ya zimamoto na uokoaji, na sehemu kubwa yake itumike katika halmashauri ilikokusanywa.

Kila anayenunua umeme mjini anaijua meseji ya tokeni: tarakimu 20, kisha VAT, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (ya mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, na mara moja kwa mwezi kodi ya majengo. Kodi hiyo ilianza kukatwa kwa njia ya LUKU Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikawa 1,500 na 7,500. Kwa mwaka, nyumba ya kawaida ilitoka 12,000 hadi 18,000, na sakafu ya ghorofa ikatoka 60,000 hadi 90,000. Ni ongezeko la nusu nzima, na mlipaji hakuonyeshwa linanunua nini. Tunachoomba ni ongezeko hilohilo: shilingi 500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 2,500 kwa sakafu ya ghorofa, yaani theluthi ya kinachokatwa leo. Kiwango cha zamani kibaki kama kilivyo kwa matumizi mengine ya Serikali.

Kuna sababu ya kuigusa kodi hii na si nyingine. Kodi ya majengo ilikuwa mali ya halmashauri chini ya sheria ya mwaka 1983. Zimamoto nayo ilikuwa ya halmashauri. Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ikaunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Mambo ya Ndani, na kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 kodi ikaanza kwenda Mamlaka ya Mapato (TRA). Vyote viwili vilitoka katika nyumba moja kwa milango tofauti, na havijakutana tena. Leo kamanda wa wilaya anasubiri mgao wa Fungu 14, yaani fungu la bajeti ya Jeshi hilo, kutoka Dodoma ili abadilishe betri ya gari, huku nyumba zilizo kwenye mtaa wa kituo chake zikilipa kodi ya majengo kila mwezi. Mwenye duka, hoteli au godauni hulipia ukaguzi wa kinga ya moto, basi ni halali yake kulalamika kwamba askari humjia na kitabu cha stakabadhi. Jeshi linalotegemea tozo za ukaguzi litaonekana kama mkusanya mapato hata likifanya kazi yake vizuri.

Sasa tueleze fedha hizo zinahitajika wapi hasa, maana "vifaa" ni neno linaloficha mengi.

Tuanze na lawama ambayo askari wa zimamoto wameisikia mpaka wameizoea: "Wamekuja bila maji." Mara nyingi si kweli, lakini kinachotokea kinafanana na uongo huo. Gari la kawaida hubeba kati ya lita 4,000 na 7,000. Chukua la lita 5,000. Mpira mmoja wa maji wa milimita 45 ukifunguliwa vizuri hutoa lita 450 hivi kwa dakika. Ukitandaza miwili, tanki limekauka ndani ya dakika tano na nusu. Watu waliofika dakika ya saba wanakuta gari limesimama, askari wamekunja mikono, na nyumba inaendelea kuwaka. Hapo ndipo mawe huanza kurushwa.

Gari hilo lilipaswa kuunganishwa kwenye haidranti, lile bomba la maji ya zimamoto lililo chini ya mfuniko wa chuma pembeni ya barabara, likajaza huku linazima. Haidranti inayotoa lita 1,000 kwa dakika hujaza lita 5,000 kwa dakika tano. Bomba la nyumbani, hata likitoa lita 50 kwa dakika, litachukua saa moja na dakika 40. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo tofauti ya kuokoa chumba kimoja na kupoteza mtaa.

Na haidranti zinakufa kwa sababu zinazojulikana. Barabara inapowekwa lami upya, mkandarasi hupitisha lami juu ya mfuniko, na kuanzia siku hiyo hakuna anayejua ulipo. Shimo hujaa mchanga na chupa za plastiki hadi juu ya koki. Koki isiyozungushwa miaka mitatu hushika kutu, na siku ya moto askari akiilazimisha kwa ufunguo mrefu shina linakatika. Kuna zinazofunguliwa usiku na wauza maji. Na kuna zilizo nzima kabisa ila zimefungwa kwenye laini yenye mgao, kwa hiyo Jumanne na Alhamisi zina maji na siku nyingine zinatoa upepo.

Kuzikagua si kazi ya mtaalamu kutoka nje. Askari wawili na fundi mmoja wa mamlaka ya maji wanatosha. Wanainua mfuniko, wanachota mchanga, wanafunga bomba la kusimama, wanafungua koki polepole na kuacha maji yatoke mpaka yawe meupe. Wanasoma presha haidranti ikiwa imefungwa mdomo, kisha wanafungua yote na kupima lita zinazotoka kwa dakika moja. Kufunga nako ni polepole, maana ukiifunga kwa pupa mshindo wa maji hupasua bomba kuukuu mita 200 kutoka hapo. Mfuniko unapakwa rangi, mahali panaandikwa kwa vipimo vya ramani, na tarehe inawekwa. Inayotoa chini ya lita 500 isihesabiwe kuwa haidranti, iandikwe ni mbovu. Kwa dakika 30 kila moja, pamoja na kusogea, timu hiyo inamaliza 12 kwa siku. Manispaa yenye haidranti 400 inazipitia zote kwa siku 34 za kazi. Kinachokosekana ni mafuta ya gari, vifuniko, koki za akiba na mtu anayelazimika kutoa taarifa.

Hata hivyo haidranti peke yake haitoshi penye mgao wa maji, na mijini kwetu mgao upo. Ndiyo maana tunasisitiza matangi ya chini kwenye masoko na maeneo yaliyobanana. Masoko mawili makubwa ya Dar es Salaam, Kariakoo Julai 2021 na Karume Januari 2022, yaliungua ndani ya miezi saba. Tanki la lita 50,000 ni sawa na magari kumi ya maji na linalisha mipira miwili kwa dakika 55. Lakini lijengwe na mtu anayejua pampu. Pampu ya gari haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, hata ikiwa mpya, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo lita zinavyopungua. Bomba la kuvutia liwe la milimita 100 na limalizikie mahali gari la tani 15 linaweza kusimama mvua ikinyesha. Tanki lililozungukwa na vibanda vya mitumba kiasi kwamba gari halifiki ni bwawa la mbu tu.

Suala la pili ni matengenezo. Tunashukuru kwa magari ya msaada, hatuna kejeli na aliyetoa. Ila gari lililotoka Japani huja na koplingi (viungio vya mipira) za Kijapani, la Ujerumani na za Storz, na vituo vyetu vingi vina mipira ya mfumo wa Kiingereza ya inchi mbili na nusu. Bila vipande vya kuunganishia, magari matatu yaliyokutana kwenye tukio moja hayawezi kupeana maji. Kipande kimoja ni kitu cha kushika mkononi na si cha kuombea msaada wa nje, lakini kituo kisicho na fungu lake hakikinunui.

Pampu nayo ina ugonjwa wake. Ikivuta maji ya bwawa bila chujio, mchanga hula sili, kile kizuizi cha uvujaji. Ikivuta maji ya bahari, kama inavyotokea Tanga, Mtwara na Dar es Salaam, lazima isuuzwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, la sivyo chumvi inaanza kazi usiku. Kipimo cha kila wiki kinajulikana: funga milango yote ya pampu, washa kifaa cha kuvuta hewa, mvuto ufike bar 0.8 ndani ya sekunde 45 na ukae. Ukishuka, kuna sili au gasketi inayovuja, na kuibadilisha mapema ni kazi ya asubuhi moja. Ukiacha hadi siku ya moto, gari linafika, linatoa maji ya tanki lake, na halivuti tone kutoka kwenye tanki la soko tulilolieleza hapo juu.

Mitungi ya hewa ya kupumulia ndiyo inayotuuma zaidi, kwa kuwa haionekani kwenye picha za makabidhiano. Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi bar 300 una lita 1,800 za hewa. Askari anayefanya kazi nzito anavuta lita 50 hadi 60 kwa dakika, na lazima abaki na akiba ya kutokea. Anabaki na dakika 25 hivi. Baada ya hapo mtungi unahitaji kompresa yenye chujio safi. Kituo chenye mitungi kumi bila kompresa kina dakika 25 kwa kila mtungi, kisha kina vyuma vya mgongoni. Askari asiye na hewa haingii ndani, anamwagia maji kupitia dirishani, na walioko ndani wanaendelea kuwa ndani.

Na tukumbuke kwamba jina la Jeshi lina neno uokoaji. Ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao. Jengo lilipoporomoka Kariakoo, Novemba 16, 2024, kazi ilikuwa ya kukata zege, kunyanyua kwa mifuko ya hewa na kusikiliza sauti chini ya kifusi. Kwenye barabara kuu, dereva aliyebanwa kwenye kabini ya lori anahitaji mkasi wa majimaji wa kukatia chuma ulio karibu naye. Lori la mafuta linapopinduka, kama Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, kinachohitajika ni povu linalolazwa juu ya mafuta. Kwa mchanganyiko wa asilimia 3, mpira mmoja wa lita 450 unakula lita 13.5 za dawa ya povu kwa dakika, kwa hiyo dakika 15 ni lita 200 na ushei. Dawa hiyo huharibika ikikaa muda mrefu juani, na kituo kikiwa na madumu mawili ya lita 20 hakina povu la kusema.

Kuhusu watu tutasema kifupi. Kiti kimoja kwenye gari, kikiwa na mtu usiku na mchana wiki nzima, ni saa 168. Ukiondoa likizo, ugonjwa na mafunzo, kinahitaji askari watano. Gari la viti vitano ni askari 25. Anayezindua gari jipya bila kutaja ajira hizo amezindua gari la maonyesho. Lakini mishahara ibaki Serikali Kuu, isiingizwe kwenye fedha tunazoziomba. Fedha za LUKU zikianza kulipa mishahara, baada ya miaka mitatu hazitanunua hata koki.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Shilingi 500 kwa miezi 12 ni 6,000. Halmashauri yenye mita za umeme 100,000 zinazolipa kwa kiwango cha nyumba ya kawaida inapata shilingi milioni 600 kwa mwaka, bila kuhesabu maghorofa. Yenye mita 15,000 inapata milioni 90. Hiyo haitoshi kununua gari jipya, lakini inatosha kabisa kufanya gari lililopo litoke, liwe na maji, na askari wake wawe na hewa. Tungependa sehemu ya tano ya fedha hizi zote iende kwenye wilaya zenye mita chache, kwa sababu barabara kuu zinapita huko na ajali hazichagui.

Sasa sheria. Ibara ya 138 ya Katiba inataka kila kodi itokane na sheria ya Bunge, na Ibara ya 135 inaweka mapato ya Serikali katika Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa yale ambayo sheria imeyatenga kwa shughuli maalumu. Mlango huo umeshatumika. Mfuko wa Barabara unakula tozo ya mafuta, na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ndiyo iliyozaa ile asilimia 3 ya REA. Kwa hiyo hatutakubali kuambiwa haiwezekani kitaalamu. Mfumo unaotenganisha asilimia 1 ya EWURA na asilimia 3 ya REA kwenye tokeni ya shilingi 5,000 hauwezi kushindwa kutenganisha shilingi 500.

Tunahitaji vifungu vichache katika Muswada wa Sheria ya Fedha, na maneno yake ni muhimu. Kwanza, mgawanyo ufanyike kwenye chanzo. Fedha ikiingia Hazina ndipo iombwe, itatoka Mei, na mwaka unaisha Juni. Pili, na hapa ndipo mambo huharibika: iandikwe wazi kwamba fedha hizi ni nyongeza, na kwamba Fungu 14 halitashuka chini ya kiwango cha mwaka uliotangulia kwa sababu ya kuwepo kwake. Bila kifungu hicho, maafisa bajeti watafanya wanachofanya maafisa bajeti kila mahali duniani: wataona milioni 600 zimeingia kwa mlango wa nyuma, watapunguza milioni 600 mlangoni mbele. Tatu, hundi isitoke bila sahihi tatu, ya kamanda wa zimamoto wa wilaya, ya mkurugenzi wa halmashauri na ya mamlaka ya maji. Ununuzi wa magari ya viongozi, posho za vikao na semina vipigwe marufuku kwa majina. Tunajua shangingi linavyoweza kuandikwa "gari la usimamizi wa dharura."

Taarifa ibandikwe kwenye ofisi ya kata kila robo mwaka, na isiwe na lugha ya bajeti. Iseme haidranti ngapi zimepimwa, ngapi zinatoa zaidi ya lita 500, gari gani limelala na linasubiri kipuri gani, mitungi mingapi imejaa. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, wilaya ya zimamoto inaruhusiwa kutoza hadi dola 1.50 kwa kila dola 1,000 za thamani ya ardhi na majengo, na ikitaka mapato yake kwa majengo yaliyopo yapande zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka inarudi kwa wapiga kura. Mkuu wa kituo hulazimika kusimama mbele ya majirani na kusema fedha zinanunua nini. Sisi hatuna kura ya namna hiyo, na hatudai iletwe. Madiwani wanaweza kuuliza maswali hayohayo kwenye baraza, mradi wana karatasi mkononi.

Kodi yenyewe ina kasoro, tusijifanye hatuzioni. Anayelipa ni anayenunua umeme, na mara nyingi huyo ni mpangaji wakati sheria inamlenga mwenye nyumba. Sakafu ya Masaki na sakafu ya Mbagala zinalipa sawa. Nyumba isiyo na umeme haikatwi kwa njia hii, nayo huwaka kwa kibatari. Dawa ya kudumu ni uthamini wa majengo, ambao sheria ya 1983 iliukusudia. Huo utachukua miaka. Hatuoni kwa nini haidranti ziusubiri.

Kabla ya Bunge la bajeti kukaa Aprili, tunaomba karatasi tatu. TRA itoe makusanyo ya kodi ya majengo kwa kila halmashauri, mwaka kwa mwaka tangu 2021/22. Mamlaka za maji zitoe orodha ya haidranti zote na tarehe ya mwisho kila moja ilipofunguliwa. Jeshi la Zimamoto litoe orodha ya magari kwa kituo, likitenga yanayotembea, yanayotembea lakini pampu hazivuti, na yaliyo juu ya mawe. Karatasi hizo zikiwekwa mezani pamoja, Kamati ya Bajeti itaweza kuandika kifungu chenyewe kwa siku moja, nasi tuko tayari kuitwa Dodoma kwa gharama zetu kueleza sehemu yoyote ya barua hii.

Wenu katika kazi,
Mafundi wa pampu na mabomba, pamoja na wenzao wa hesabu za halmashauri